Tamasha la Jumapili Nililoliandika Ijumaa

Acheni niwaambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjasimuliwa na watu wa Marani, maana wao hii hadithi wameitia chumvi mpaka hailiki. Kuna anayesema niligaagaa kwenye matope nikilia (uongo, niliteleza mara moja tu na nikainuka), na kuna mwingine anayeapa kwamba nilitoka Nyansiongo mbio bila viatu (kiatu kilichobaki kilikuwa kimoja, na sikukimbia, nilitembea). Nilichofanya ni kibaya vya kutosha bila kuongezewa. Niliaibika mbele ya uwanja mzima, nakubali, na hata sasa nikisimulia nasikia uso ukipata moto. Lakini mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kuna neno moja nililolisema siku ile ambalo sijaliondoa na sitaliondoa, kwa hivyo msianze kunihurumia mapema.

Mimi ni Kerubo. Mchana nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha hapa Kisii mjini, tunatengeneza kadi za harusi, vitabu vya risiti na, zaidi ya vyote, ratiba za mazishi. Jioni nasikiliza muziki. Si ule wa majina makubwa, huo una watu wake wa kuusifu. Mimi nasikiliza wanamuziki wetu wa kujitegemea, wale wanaorekodi kwa mfuko wao wenyewe, wanauza wenyewe sokoni kwenye flashi na mtandaoni, na hakuna kampuni inayowabeba mgongoni. Nina ukurasa mtandaoni ninapoandika kuhusu albamu zao na maonyesho yao, na siandikii wataalamu. Namwandikia mama anayechuna chai, fundi wa baiskeli, karani wa ofisi, mtu ambaye akinunua albamu mwezi huu basi hanunui nyingine mpaka mwezi ujao. Ndiyo maana sina mambo ya nyota tano sijui nyota nne na nusu. Mwisho wa kila andiko naweka neno moja: Nunua, Azima, au Pita. Nunua ni toa pesa yako. Azima ni ngoja jirani anunue kwanza. Pita ni pita.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya mkasa wenyewe, niliandika kuhusu albamu ya kijana wa Marani anayejiita Momanyi wa Nyuzi Nane. Nyuzi nane ni za obokano, kile chombo chetu sisi Wakisii chenye mvumo mzito, ambao ukikaa karibu unausikia tumboni kabla haujafika masikioni. Kwenye picha ya jalada amekumbatia obokano yake vizuri kabisa. Ndani ya albamu, nyimbo kumi na moja, ni kinanda cha umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisikiliza mara nne, mara ya nne nikiwa nimefunga dirisha na kumwomba mama anyamazishe redio yake, nikaitafuta ile obokano kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa hoteli ya rahisi. Nikaandika hivyo hivyo, halafu chini nikaweka Pita. Watu wa Marani walinitukana wiki nzima. Sikufuta, mimi huwa sifuti.

Momanyi mwenyewe hakunitukana. Alinipigia simu kwa adabu.

"Dada Kerubo," akasema, "albamu ni albamu. Jumapili nitakuwa kwa ile tamasha ya Nyansiongo. Kuja unione nikicheza laivu, halafu uandike. Na ukitaka, mazoezi ni Alhamisi huku Marani."

Nikaenda Alhamisi baada ya kazi. Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi mmoja wa mabati, na niliyoyaona yalinikata maini. Jamaa alichomeka flashi, kinanda kikaanza, na sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa ikaanza, naye akasimama mbele ya maikrofoni akifungua na kufunga mdomo, obokano mkononi, vidole vikipita juu ya nyuzi bila kuzigusa kama mtu anayefukuza nzi. Alipomaliza nikamuuliza, "Hii obokano inasikika wapi?"

"Itasikika," akaniambia. "Spika za Jumapili ni kubwa."

Nilirudi mjini nimekasirika kweli, maana hakuna kitu kinachoniuma kama mtu mwenye kipaji anayeona haya kukitoa.

Hapa ndipo linapoingia lile kosa langu, na ili mlielewe lazima mjue mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuna ndugu mmoja wa Keroka, fundi wa redio, ambaye naye ana ukurasa wa muziki, tofauti ni kwamba yeye hasikilizi, anapiga picha tu na kuandika "moto sana". Lakini ana mbio. Msanii hajateremka jukwaani, yeye ameshachapisha. Mara mbili mfululizo alinitangulia kwa saa nyingi, na wasomaji wangu wakaanza kuniandikia, "Kerubo, yako imekuja ikiwa imepoa." Hilo liliniuma kuliko matusi yote ya Marani.

La pili ni kwamba kwetu sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalio. Mmelelewa na mama kama wangu? Basi mnajua. Ijumaa nguo za kesho zinapigwa pasi, viatu vinapakwa rangi, chakula cha Sabato kinapikwa na kufunikwa, maji yanatekwa, kuni zinapangwa, na jua likizama kila mkono umetulia. Mtu aliyekua hivyo huanza kuamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kuandaliwa mapema. Na kazi yangu ndiyo ilizidi kuniharibu: ni mara ngapi nimechapisha "Familia inawashukuru nyote mliofika" wakati hata kaburi halijachimbwa? Na watu hufika, na shukrani huwa kweli, na hakuna anayeuliza iliandikwa lini.

Kwa hivyo Ijumaa ile, nguo zikiwa zimepigwa pasi na maharagwe yakiwa yamefunikwa, nikaona kuna kitu kimoja hakijaandaliwa. Nikakaa kitandani na simu, nikaandika tamasha la Jumapili.

Niliandika hivi, nanukuu bila kupunguza: "Leo pale Nyansiongo, chini ya jua kali, Momanyi wa Nyuzi Nane amepanda jukwaani na obokano ambayo angeweza kuiacha nyumbani. Vidole vyake havikugusa uzi hata mmoja. Kinanda kimetoka kwenye flashi, sauti imetoka kwenye flashi, na nadhani hata jasho limetoka kwenye flashi. Kufika wimbo wa tatu, akina mama wa mstari wa mbele walikuwa wameanza kuondoka. Pita."

Hiyo ya jasho niliicheka peke yangu. Na hao akina mama wa mstari wa mbele, Mungu anisamehe, niliwatunga tu, kwa sababu andiko lilikuwa linahitaji watu ndani yake. Nikaupanga ukurasa ulichapishe wenyewe Jumapili saa kumi jioni. Kwenye ratiba Momanyi alikuwa apande saa nane, amalize saa tisa, nami nikamwongezea saa nzima ya kuchelewa kwa sababu najua watu wetu.

Mama akaita kutoka jikoni, "Kerubo, jua linaingia. Umemaliza kila kitu?"

"Nimemaliza," nikasema, na nilikuwa na amani kabisa.

Jumapili nilifika Nyansiongo saa tano. Tamasha lilikuwa kwenye kiwanja cha shule ya msingi, jukwaa la mbao, hema mbili, na harufu ya mahindi ya kuchoma kila upande. Sijakaa hata dakika kumi, mwanamke mmoja mwenye leso ya njano akaja akanisimamia mbele, akaniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena.

"Wewe ndio Kerubo ya Nunua, Azima, Pita?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Moraa, nimetoka Gesima." Akakaa bila kualikwa, akanipa nusu ya hindi lake. "Unajua mimi nikichuna chai wewe ndio mwalimu wangu? Simu iko kwa mfuko ya aproni inaimba mpaka kapu ijae. Na sinunui kitu haujasema. Ukisema nunua nanunua, ukisema pita napita, hata kama ni ya mtoto wa shangazi yangu. Haujawahi kunidanganya."

Wenzangu, mimi sijazoea kusifiwa ana kwa ana. Kwenye ukurasa watu ni majina tu, lakini huyu alikuwa na mikono, na vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na alikuwa ametoka Gesima asubuhi kwa sababu mimi niliandika kwamba tamasha hili linafaa kuhudhuriwa. Nikasikia nimekuwa mtu mkubwa. Tukakaa pamoja tukisikiliza kwaya ya vijana na jamaa mmoja wa gitaa, nami nikawa namwelezea hiki na kile, naye akiitikia kwa Ekegusii chetu, "Buya mono," yaani vizuri sana, "endelea."

Saa nane kamili, badala ya Momanyi, ikaja mvua. Na si mvua ya mzaha, ilikuwa ile mvua ya mawe ya huku kwetu inayotoboa majani ya chai, na ndani ya dakika mbili kiwanja kilikuwa cheupe na watu wote tumejibana madarasani, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya darasa la pili magoti yakigusa kidevu. Stima ikapotea. Jenereta ilikuwepo, lakini mtu aliyetakiwa kuifunika alijifunika yeye mwenyewe kwanza, ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Saa tisa ikapita. Mimi nilikuwa na Moraa tukibishana kuhusu albamu za mwaka uliopita, nina furaha zangu, na lile andiko lilikuwa limenitoka akilini kabisa, kwa sababu kitu kilichoandaliwa Ijumaa mimi sikifikirii tena.

Mvua ilikatika saa kumi ikikaribia. Mshereheshaji, bwana mmoja mnene anayeitwa Onsongo, akaazima kipaza sauti cha mkono kutoka ofisi ya mwalimu mkuu (kile cha kuitia watoto gwaride), akatangaza kwamba stima hairudi leo, jenereta imekufa, na mwenye kutaka kwenda nyumbani aende. Watu wakaanza kukunja viti. Ndipo Momanyi akatoka. Hakupanda jukwaani. Alikuja akasimama pale chini kwenye matope, na unaweza kuona amechanganyikiwa, flashi yake haina pa kuchomekwa, akasimama tu akiwa na obokano mkononi kama mgeni aliyebeba zawadi na mlango haufunguliwi. Halafu akavuta kreti ya soda, akakalia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kujeni karibu, basi. Sina namna ingine."

Tukasogea. Akapiga.

Sijui niwaelezeeje, na kuelezea ndiyo kazi yangu. Ule mvumo ulitoka kwenye ngozi ya kile chombo ukapita ardhini, ukapanda miguuni, na sauti yake, ile ambayo kwenye albamu imepakwa sukari, ilitoka ikiwa na mikwaruzo, akaimba kwa Ekegusii kuhusu baba yake aliyeondoka kwenda kutafuta kazi na kurudi akiwa mgeni kwa watoto wake. Akina mama wa mstari wa mbele (ndiyo, walikuwepo, na hakuna aliyeondoka) walikuwa wameshika videvu. Mimi machozi yalikuwa yananitoka bila kuulizwa.

Moraa akaninong'oneza, "Simu yangu imejaa. Nipe yako nimrekodie mama yangu, utanitumia." Nikampa bila hata kugeuka. Akaiinua juu akaanza kurekodi, na baada ya dakika chache, mkono wake ulipokuwa umeinuka mbele ya macho yangu, nikaona ile saa ndogo pale juu ya kioo. Saa tisa na dakika hamsini na tisa.

Hapo kila kitu kilinirudia mara moja, jua kali, flashi, jasho.

"Nipe simu," nikamwambia.

"Ngoja wimbo iishe."

"Moraa, nipe simu. Nipe hiyo simu."

Tukavutana, watu wakatusihi tunyamaze, nikaishika, nikaufungua ukurasa wangu, na mtandao ukaanza kuzunguka. Ukazunguka. Laini yangu ilikuwa imelala kwa ajili ya mvua, na nikabonyeza, nikazima, nikawasha, nikainua simu juu kama mtu anayeomba, na bado kile kiduara kilikuwa kinazunguka tu. Ndipo nikasikia mlio mfukoni mwa Moraa. Laini yake yeye ilikuwa macho. Halafu mlio mwingine nyuma yangu, na mwingine kule karibu na hema, maana wasomaji wangu wengi walikuwa wamekuja, mimi mwenyewe niliwaita.

Moraa akaitoa simu yake akasoma taratibu, midomo ikicheza. Akaangalia juu, mawingu bado meusi. Akaangalia chini, mvua ya mawe bado nyeupe kwenye nyasi.

"Inasema jua kali," akasema. "Kerubo, kuna mtu ameingia kwa ukurasa yako."

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa, angalau nusu. Badala yake nikasema, "Labda."

Labda. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuzidi hatua kumi. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi na vigelegele, na katikati ya hivyo vigelegele vijana wa Marani wakamletea Onsongo simu, na Onsongo, ambaye hajawahi kupewa kitu cha kusoma akakataa, akainua kile kipaza sauti cha gwaride akasoma lote, kutoka jua kali mpaka Pita, pole pole, akisimama kwenye kila nukta. Alipofika kwenye jasho, uwanja ulipasuka kwa kicheko. Alipofika kwa akina mama wa mstari wa mbele, wakageuka wote kuangaliana.

Mimi nilikuwa nimeinama najifanya kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Na pengine ningepona, kwa sababu sura yangu si wengi wanaoijua. Lakini nilikuwa na mtetezi. Moraa akapanda juu ya kiti, leso ya njano na mikono yote juu.

"Wacheni kumsingizia Kerubo," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka shamba moja la chai hadi lingine. "Hiyo ni wezi wa mtandao. Kerubo yuko hapa na mimi, huyu hapa, na analia juu ya huu wimbo. Simama wakuone machozi."

Nikasimama. Wangeniona hata nisiposimama.

"Dada, hebu kuja hapa mbele," Onsongo akasema, na watu wakanifungulia njia. Katikati ya hiyo njia nikateleza, nikashika matope kwa mikono miwili, nikainuka na kiatu cha kulia kikabaki kule chini. Sikukirudia. Kuna wakati mtu anajua akiinama tena hatainuka. Nikafika mbele nikiwa na kiatu kimoja na viganja vya udongo, Onsongo akaniwekea kipaza sauti mdomoni, akauliza, "Ni wezi wa mtandao ama ni wewe?"

Nikamtafuta Moraa kwa macho. Bado alikuwa juu ya kiti, anatikisa kichwa kuwaonyesha watu kwamba haiwezekani.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika Ijumaa kabla jua halijazama. Nilimsikia Momanyi Alhamisi kwenye mazoezi, nikaandika nilichosikia Alhamisi nikakiita Jumapili. Akina mama wa mbele nimewasingizia. Ninaomba msamaha kwao, na kwa Momanyi."

Moraa akateremka kwenye kiti. Watu wakanizomea kidogo, si sana, nadhani kukiri kulikuwa kumewaharibia raha. Na mambo yangeishia hapo, ningeenda nyumbani nikiwa nimeaibika kwa kiasi cha kawaida, kama Momanyi hangenyoosha mkono kutoka kwenye kreti yake na kuomba kipaza sauti.

"Dada," akasema, "na albamu? Umeniandikia Pita kwa albamu pia. Hiyo nayo unasemaje?"

Na mimi nataka mjue kwamba nililiona jibu rahisi, lilikuwa pale, karibu kabisa. Ningesema Nunua, watu wangepiga makofi, Onsongo angenikumbatia, vijana wa Marani wangenitafutia kiatu changu, na ningerudi Kisii nikiwa mtu wa watu. Neno moja tu. Nilikuwa nimeshadanganya mara mbili wiki hiyo, ya tatu ingeniuma wapi? Lakini nilikuwa na ule mvumo bado tumboni, na hasira ya Alhamisi ikanirudia yote, na nikaona kwamba nikisema Nunua sasa, mbele ya watu, kwa kuogopa, basi hakuna neno langu lililobaki ambalo ni la kweli.

"Albamu ni Pita," nikasema. "Ulichopiga hapa leo hakimo ndani yake hata kidogo. Kirekodi hiki, bila kinanda, na mimi nitakuja Marani kwa miguu kukinunua. Ile nyingine ni Pita."

Hapo sasa ndipo walinizomea. Gunzi la hindi lilinipita karibu na sikio, jingine likampata Onsongo tumboni, na mtu akapaza sauti kwamba nirudishwe darasa la pili nikafundishwe siku za wiki. Niliwaangalia tu. Shingo nilikuwa nimeinyoosha, na nikirudishwa pale kesho nitasema vile vile.

Momanyi hakuzomea. Alikuwa ameinamia obokano akikaza uzi mmoja, akaniambia bila kipaza sauti, tukisikia sisi wawili tu, "Alhamisi haukukosea. Lakini Alhamisi si leo."

"Najua," nikamjibu.

Akaanza wimbo wa pili, watu wakamgeukia yeye, nami nikaondoka kwa pembeni, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine ukiwa na soksi ya matope. Moraa nilimkuta kwenye geti la shule amesimama, leso ameivua kichwani na kuikunja.

"Ningekuwa nimekuuliza mapema," akasema. "Zile zingine zote umeandika, ulikuwa umesikiliza?"

"Nilisikiliza. Zote. Ni hii moja tu."

"Nitajuaje?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, mara nne na dirisha limefungwa, mama na redio yake, miaka mitatu ya jioni zangu. Yote yalikuwa kweli, na hata moja sikuweza kulionyesha. Moraa alingoja kwa adabu kabisa, na alipoona hakuna kinachotoka akaniambia nifike salama, akarudi uwanjani kusikiliza. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, wenzangu. Matope yanaoshwa. Kuzomewa na watu wa Marani mimi nimezoea.

Mama alinipokea mlangoni, akaangalia mguu, akaniwekea maji ya moto. Nikamsimulia yote. Akafikiria, akasema, "Siku ya maandalio ni ya chakula, Kerubo." Akaenda kulala.

Ndugu yangu wa Keroka aliandika kunihusu wiki nzima, na kwa mara ya kwanza hakuandika "moto sana", aliandika kurasa ndefu ndefu na, lazima niseme ukweli, aliandika vizuri. Wasomaji wengi walinihama. Wengine walinishauri nilifute lile andiko nianze upya na jina lingine. Sikulifuta. Liko pale mpaka leo, na juu yake nimeongeza mstari: "Hili niliandika kabla sijasikia. Msiliamini." Na lile la albamu nalo liko, na halina mstari wowote juu yake.

Halafu kama wiki mbili baadaye, nikitafuta nafasi kwenye simu, nikakuta ile rekodi ya Moraa. Nilikuwa nimeisahau. Na nilipoulizia huku na kule nikagundua hakuna mwingine aliyerekodi ule wimbo, kwa sababu wengi simu zao walikuwa wamezificha kwa kuogopa mvua. Yangu ndiyo pekee. Dakika nne za ajabu, mvumo wote umo, hata maji yakidondoka kwenye bati la darasa, halafu sauti ya mwanamke inaingia, "Moraa, nipe simu. Nipe hiyo simu," inazidi kupanda, na wimbo unakatika pale pale, kabla baba wa kwenye wimbo hajafika nyumbani.

Fundi mmoja tunayefanya naye kazi dukani alinionyesha jinsi ya kuikata ile sauti yangu, iishe taratibu mtu asijue. Nikakataa. Nilimpigia Momanyi kwanza nikamwomba ruhusa, akacheka sana, akasema weka yote. Nikasikiliza mara sita, mara ya sita nikiwa nimesimama nje kwenye baridi. Halafu nikaiweka kwenye ukurasa na kuihakiki kama ninavyohakiki kitu kingine chochote, siku, mahali, nilipokuwa nimesimama, nani alikuwa pembeni yangu. Nikaandika kwamba hii ndiyo kazi bora ya obokano niliyowahi kusikia, na kwamba dakika ya nne inaharibiwa na mwanamke mmoja mpiga kelele ambaye alikuwa na jambo la kuficha. Sikuweka neno la mwisho, maana haiuzwi.

Kuandika kitu ambacho sikio langu halijakisikia, hiyo nimekoma, na sitarudia hata kama fundi wa Keroka atanitangulia kwa mwezi mzima. Kuwaambia watu Nunua kwa sababu wamenishikia magunzi, hiyo nayo sikuianza na sitaianza. Watakaobaki watabaki.

Usiku ule ule nilioiweka, Moraa aliandika chini ya ile rekodi, wa kwanza kabisa: "Hii umesikiliza." Kuhusu zile zingine bado hajasema kitu, na mimi sijamwomba aseme.